Mrudisheni dobi katika hadithi yake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua, na naomba radhi mapema kwa sababu barua hii itakuwa ndefu kuliko mlivyozoea. Wiki mbili zilizopita mlichapisha maoni ya msomaji aliyesema kwamba ngano za jadi zimebakiwa na faida moja tu, yaani lile funzo la mwishoni, na kwamba haidhuru kitu zikifupishwa na kuondolewa mambo ya kale ambayo mtoto wa Nairobi hayaelewi. Niliyasoma maoni hayo ndani ya matatu nikitoka Buruburu kwenda mjini, nikayarudia jioni, kisha nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimeyakubali. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa na mawazo kama ya msomaji huyo. Kwa hiyo barua hii, pamoja na kumpinga yeye, inanipinga na mimi mwenyewe.

Nianze na kitabu. Mwezi jana nilimnunulia mjukuu wangu kitabu cha hadithi kwa mmoja wa wachuuzi wanaotandaza vitabu kando ya barabara katikati ya jiji. Sitakitaja, wala sitamtaja aliyekichapisha. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya kima, ambayo Waswahili wa makamo yangu waliisikia kabla hawajajua kusoma. Kima anaishi juu ya mkuyu mkubwa ulioota ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi yake yakiwa juu ya nchi kavu na nusu yakining'inia juu ya maji. Kila siku anamtupia papa matunda, urafiki unakolea, na siku moja papa anamwalika kwao. Wanapofika katikati ya bahari papa anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa aliyoagiziwa ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anasema angeambiwa mapema angekuja nao, kwa maana kima wanapotembea huiacha mioyo yao mitini. Papa anageuza njia, kima anauparamia mkuyu, na anapoitwa ashuke waende zao, anauliza kama amefanywa punda wa dobi.

Katika kitabu cha mjukuu wangu papa amekuwa mamba, bahari imekuwa mto, sultani amekuwa mfalme wa mto, mkuyu umekuwa "mti wenye matunda matamu", na punda wa dobi hayumo kabisa. Naamini aliyeihariri alikuwa na nia njema. Kima na mamba hukutana mtoni, lakini kima na papa watakutana wapi? Hata hivyo, kwa marekebisho hayo machache alifuta karibu kila kitu ambacho hadithi hiyo inakijua kuhusu pwani yetu.

Hadithi ya kima haikuzaliwa hapa. Mizizi yake iko Bara Hindi, katika ngano za kale za Wabudha na katika mkusanyo uitwao Panchatantra, na katika ngano hizo za Wabudha adui wa majini ni mamba. Katika karne ya 6 mkusanyo huo ulitafsiriwa kwa Kipahlavi, lugha ya Uajemi ya wakati huo, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaugeuza kuwa Kiarabu, ukajulikana kama Kalila wa Dimna. Huko Uarabuni aliye majini ni kasa, na mti ni mtini. Ilipovuka hadi kwetu, kasa akawa papa, samaki ambaye nyama yake iliyokaushwa ilisafirishwa kwa majahazi na inauzwa katika masoko ya Mombasa hadi leo, na mtini ukawa mkuyu, ambao kwa wanaojua mimea ni ndugu wa mtini wenyewe. Mmishenari Edward Steere aliipata Unguja, akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Kiswahili. Jambo la kuchekesha, na la kusikitisha pia, ni kwamba mhariri wetu wa Nairobi alipombadilisha papa kuwa mamba ili hadithi iwe "ya Kiafrika" zaidi, aliirudisha India bila kujua.

Na huyo punda? Kima akiwa salama mtini anamsimulia papa kisa kingine ndani ya kisa. Dobi alikuwa na punda aliyetoroka, akaingia mwituni, akanenepa. Simba mgonjwa alitaka nyama yake, na sungura akatumwa kumrubuni. Mara ya kwanza punda aliponyoka, mara ya pili akashawishiwa tena, akaja, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, na simba alipoviuliza akajibiwa kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Mtindo huu wa kuitia hadithi tumboni mwa hadithi nyingine ni wa masimulizi ya Kihindi na Kiarabu, na kisa cha punda kimekaa hapo hapo, ndani ya kisa cha kima, katika Kalila wa Dimna na katika Kiswahili. Lakini kule mjanja ni mbweha. Kwetu mbweha alivuliwa kazi akapewa sungura, ambaye alikuwa bingwa wa hila katika ngano za Kibantu tangu zamani na hakuhitaji kufundishwa. Neno dobi lenyewe ni la Kihindi. Lilikuja na wafuaji waliokuwa wakifua kwa ujira katika miji yetu, likabaki, na wanafunzi wa mabweni wa Kenya bado wanasema wanafanya dobi, hata kama mitaani tumeshamzoea mama fua. Kwa hiyo mtu akitaka kujua ni nani walifika katika mwambao huu, kutoka wapi, na walipofika walimkuta nani na wakamwachia nafasi gani, hadithi ya punda aliyekosa masikio inaweza kumwonyesha mengi kabla hajafungua kitabu cha historia.

Sasa nieleze kosa langu. Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa nikiisoma hadithi hiyo na darasa la kidato cha pili katika shule moja nje ya Nairobi. Msichana aliyekaa dirishani aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, dobi ni nani?" Nilitazama saa. Kipindi kilikuwa kimebakisha dakika kumi na mtihani ulikuwa karibu. Nikamjibu kwamba hilo si muhimu, lililo muhimu ni funzo, kisha nikaandika ubaoni kuwa hadithi hii ni hurafa kwa sababu wahusika wake ni wanyama, na kwamba inatuonya dhidi ya marafiki wanafiki. Wote wakanakili. Ninaamini wote walilijibu swali la mtihani vizuri lilipokuja.

Wala sitaki kuutupia mtaala lawama zote, maana ngano kuingia darasani kulipiganiwa. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha hapa Nairobi, fasihi simulizi ilikuwa nguzo ya hoja yao: Mwafrika asome kwanza ya kwao, kisha ndipo atazame ya wengine. Ushindi huo ulishuka hadi shule za sekondari, na leo hakuna mtahiniwa wa Kiswahili asiyejua kutofautisha kisasili na kisakale, hekaya na hurafa, fanani na hadhira. Tatizo ni kwamba tumewafundisha kuzipanga hadithi kwenye rafu bila kuzifungua. Mwanafunzi anajua Abunuwasi ni mhusika wa hekaya, lakini hajaambiwa kwamba alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9, wala hajaulizwa mshairi huyo alipitia bahari gani hadi akawa mtu wa kudanganya majirani kwa masufuria yanayozaa.

Mimi nilikulia Majengo, Pumwani, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nyumba yetu ilikuwa kama nyingi za mtaa huo: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, na kila chumba na familia yake. Stima haikuwepo, na jioni hadithi zilitambwa ukumbini kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya nyumba nzima. Bibi, mama mzaa mama, alikuwa mtu wa Kipini, huko pwani. Akisema "Paukwa!" tunajibu "Pakawa!", naye anaendelea na maneno ya kwao ya mwana Siti mwenye vijino kama chikichi, vya kujengea vikuta na vilango vya kupitia. Watoto wa nyumba hiyo waliokuwa wakienda shule walikuja na yao: sahani ya mchele, giza la mwizi, kiboko cha mtoto mkorofi. Tuliyaimba yote pamoja bila kuyafikiria. Sasa nikiyatazama naona miji miwili. Katika ule wa Bibi mtu akimsifu mtoto kwa meno yake mazuri anafikiria kuta na milango, kwa sababu ametoka kwa watu wajenzi wa nyumba za mawe. Katika ule wa wenzetu mchele ni wa sikukuu, giza lina mwizi, na kiboko, yule mnyama wa mtoni, amekuwa ngozi iliyosokotwa ya kumchapia mtu. Anayetaka kujua Mkoloni aliingia lini katika ngano zetu na aingie kupitia mlango huo wa kiboko.

Hadithi kubwa ya Bibi ilikuwa ya Fumo Liongo, ambaye watu wa Kipini huonyesha kaburi lake mpaka leo. Wasomaji wengi wanaijua kwa muhtasari: shujaa asiyedhurika kwa silaha, aliyeuawa kwa kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba. Vitabu vya shule hupenda sindano hiyo kwa sababu inazaa funzo la usaliti. Bibi hakuifikia haraka. Alikuwa akikaa kwenye mkate. Liongo amefungwa gerezani, anatunga ushairi unaoeleweka na mama yake peke yake, na kijakazi Saada anaupeleka. Mama anaoka mikate mizuri ya unga mweupe, na pamoja nayo mkate mmoja wa wishwa, yale makapi yanayobaki nafaka ikishapepetwa, na ndani ya mkate huo anaficha tupa. Walinzi wanaipora mikate myeupe, wanamtupia mfungwa ule wa wishwa. Kisha Liongo anawafundisha watu wa nje wimbo wa ngoma, nao wanapiga matoazi na pembe na kugonga tasa, na katika kelele hizo yeye anakereza pingu zake kwa tupa mpaka zinakatika.

Bibi alipofika hapo alikuwa akichukua kisu cha jikoni na kukisugua juu ya kinu cha chuma, taratibu, huku sisi tukipiga makofi ili sauti isisikike. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane. Sikujua kwamba ninasomeshwa historia, lakini tazama Mhariri ni mambo mangapi yamo katika mkate huo. Kuna mji wenye gereza na walinzi wanaokula vya wafungwa. Kuna mtumwa wa kike anayepita malangoni bila kutiliwa shaka, kwa sababu hakuna anayemhesabu, na bila yeye shujaa angeozea ndani. Kuna unga wa wakubwa na wishwa wa wanyonge. Kuna mhunzi aliyefua tupa na mhunzi aliyefua pingu, huenda ni mmoja. Na kuna ushairi unaotumika kama barua ya siri, katika jamii ambamo hata mlinzi anasikiliza shairi bila kushangaa. Ukimwambia mtoto kwamba Liongo alitoroka kwa msaada wa mama yake, hujasema uongo, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobaki.

Hata swali la nani alimuua lina uzito wake. Katika masimulizi mengine muuaji ni mwana wa Liongo, aliyeahidiwa kumwoa binti wa mfalme, na katika mengine ni mpwa wake. Wapo wataalamu ambao katika ugomvi wa Liongo na mtawala wa Pate wameona mvutano kati ya desturi ya kurithisha utawala kwa upande wa mama na ile ya kuurithisha kwa upande wa baba iliyotiwa nguvu na Uislamu. Unaweza kuikubali hoja hiyo au usiikubali, lakini huwezi hata kuianza kama hadithi uliyopewa inasema tu "jamaa yake mmoja".

Chumba cha tatu upande wa kushoto kilikuwa cha mama mmoja kutoka Murang'a, muuza mboga, ambaye sote tulimwita Cucu kama alivyoitwa na wajukuu zake. Alisimulia kwa Kiswahili na kuimba kwa Kikuyu. Yake ilikuwa ya mhunzi aliyekwenda kufua chuma mbali, akamwacha mkewe mjamzito. Irimu, jitu la kutisha, likaja likamzalisha mama huyo, kisha likawa linamwandalia chakula na kukila lenyewe mbele ya macho yake. Akamlisha njiwa mbegu za mbarika na kumtuma kwa mumewe, na njiwa akatua juu ya tawi karibu na kiwanda akaimba: "Muturi ugutura, cangarara ica." Ewe mhunzi unayefua. Mhunzi anamfukuza njiwa mara ya kwanza, ya pili, mpaka anayasikia maneno. Cucu alikuwa akiimba kwa mapigo ya nyundo, akipiga goti lake, na sisi tusiojua Kikuyu tuliujua wimbo huo wote. Katika vitabu nilivyoiona hadithi hii kwa Kiswahili wimbo umeondolewa na mahali pake pamewekwa sentensi, "Njiwa alimweleza mhunzi habari za mkewe." Nyundo imenyamazishwa, na pamoja nayo habari kwamba mhunzi wa Kikuyu alifanya kazi mbali na nyumbani, penye mchanga wa chuma na makaa, na kwamba mkewe alibaki na hofu ambayo jina lake lilikuwa irimu.

Siku moja Bibi alimwambia Cucu kwamba hilo irimu lake ni zimwi, ila limekosea jina. Cucu akajibu kwamba zimwi ndilo irimu lililozoea kula samaki. Walicheka, na kwa kiasi fulani walikuwa sahihi wote wawili. Wanaochunguza lugha za Kibantu wanaeleza kwamba zimwi la Waswahili, irimu la Wakikuyu, mzimu wetu wa makaburini na aimu, yaani roho za wahenga kwa Wakamba, yote yametoka katika shina moja la zamani sana. Wazee wa wazee wetu walikuwa na neno moja kwa ajili ya mfu asiyetulia, wakatawanyika nalo, wengine likawatisha kama pepo na wengine likaota meno likala watu. Mtoto wa jirani yetu Mjaluo alikuwa na zimwi lake pia, Apul-apul, lakini jina hilo halina udugu na hayo mengine, kwani Wajaluo walikuja kwa njia yao wenyewe kutoka upande wa mto Nile. Ukumbi mmoja wa nyumba ya Majengo ulikuwa na ramani ya uhamaji wa karne nyingi, na sisi tulidhani tunatishwa tu ili tulale.

Simaanishi kwamba ngano ni rejista ya serikali. Msomaji wenu akisema kwamba hadithi husema uongo, atakuwa amesema lile ambalo wasimulizi wenyewe hukiri pale wanapoita, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Inabidi mtu ajue aina ya uongo anaosikiliza. Wakamba husimulia juu ya Syokimau, nabii wa kike aliyeona nyoka mrefu akija kutoka baharini, na watu wenye ngozi kama nyama waliobeba moto mifukoni mwao. Wakikuyu nao husimulia juu ya Mugo wa Kibiru na nyoka wake wa chuma. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika hapa mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na mwenye shaka anaweza kuuliza kama bishara hizo zilikuwa hivyo kabla ya nyoka kuonekana, au zilipata umbo lake baada ya kupita. Na aulize. Lakini hata akithibitisha kwamba ziliundwa baadaye, atabaki na kiberiti mkononi. Hakuna faili ya ofisi ya reli itakayomwambia jinsi mtu wa Ukambani alivyoshtuka alipomwona mgeni akitoa moto mfukoni bila kuungua. Mimi hupanda treni kituo cha Syokimau mara kwa mara ninapotoka kumwona binti yangu, kituo kilichofunguliwa mwaka 2012, na sijawahi kukutana na abiria kijana aliyejua kwamba ameketi ndani ya bishara.

Vile vile, ngano ni dirisha, na dirisha lina mwenye nyumba, na ni yeye anayechagua pazia liwe wapi. Wamaasai husimulia kwamba Enkai, Mungu wao, aliwateremshia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, na kwamba Mdorobo mwindaji, kwa hasira ya kukosa, akaukata ukanda huo kwa mshale. Hadithi hiyo inaeleza uhusiano wa wafugaji na wawindaji kwa macho ya mfugaji, na pia inampa hoja anayekwenda kuchukua ng'ombe wa jirani, kwa kuwa ng'ombe wote walikuwa wake tangu mwanzo. Wakikuyu husimulia kwamba koo zao zina majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wao wa kwanza, na kwamba wanawake walitawala mpaka wanaume wakala njama ya kuwatia mimba wote kwa wakati mmoja na kuwapindua. Nani alinufaika kwa kuisimulia hivyo? Mwanafunzi wa kidato cha tatu analiweza swali hilo kabisa, na ni swali la mwanahistoria.

Zipo pia zile tunazodhani ni za uadui. Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa ukoo wa Sidho huko Kano, alikuwa na mwili mgumu kama jiwe, na Wanandi, ambao Wajaluo huwaita Lang'o, walimshinda kwa kumwoza msichana wao aliyegundua kwamba uhai wake umo kivulini. Aligunduaje? Alipougua, mume mwenyewe alimwambia amchanje kivulini, damu ikatoka, dawa ikapakwa. Watu huishika vita na kuisahau harusi. Lakini hadithi yenyewe haiwezi kwenda mbele bila binti wa Kinandi kuolewa Kano, kupika huko, na kukabidhiwa mgonjwa amtibu kwa dawa za huko. Wabukusu nao wanakiri katika hadithi ya Mango, aliyeliua joka lililokuwa likiwamaliza watu, kwamba tohara wanayoifanya kila Agosti ya mwaka wa shufwa inahusiana na majirani zao Wasabaot. Mambo haya hayasemwi katika mikutano ya kisiasa.

Ninachoomba, Mhariri, si kikubwa. Gazeti hili lina ukurasa wa watoto, na karibu kila wiki mnachapisha ngano moja ianzayo "hapo zamani za kale katika kijiji kimoja". Kijiji hicho kina jina. Aliyewatumia ngano hiyo aliisikia kwa mtu fulani, mahali fulani, kwa lugha fulani, na nusu mstari juu ya hadithi ungetosha kuyasema hayo. Kama kuna wimbo, uchapeni kwa lugha yake na Kiswahili chake chini yake. Kama msimulizi wa Lamu anasema papa na wa Kitui anasema mamba, msiwasawazishe. Na neno likiwa gumu, lielezeni pembeni mwa ukurasa. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi imezipa serikali za kaunti jukumu la kuandikisha na kuhifadhi mambo haya, lakini mzee wa Kipini au bibi wa Murang'a hatafunga safari kwenda makao makuu ya kaunti kusimulia habari za tupa na njiwa. Gazeti linamfikia, hata likiwa limefungiwa sukari.

Mjukuu wangu nimemsimulia upya hadithi ya kima, pamoja na papa na sultani na punda. Aliniuliza dobi ni nani. Ilituchukua jioni nzima, tukafika Unguja na India, na yeye akataka kujua kama punda alikuwa akibeba nguo chafu au zilizofuliwa, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria katika miaka yangu yote ya kufundisha.

Nina madaftari matatu niliyoyaandika tangu nilipostaafu, yenye hadithi nilizozisikia Majengo, kila moja ikiwa na chumba ilikosimuliwa na kwao msimulizi. Mkinieleza siku na saa, nitayaleta ofisini kwenu mwenyewe. Ombi langu moja ni kwamba yakipigwa chapa, wishwa ubaki wishwa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi